Shule ya Mahina na Msimu wa Kushindwa

Vitabu vya michezo vya nchi yetu, navyo ni vichache, vimejaa majina ya walioshinda. Ukitaka kujua ni timu gani iliyotwaa ubingwa wa Bara mwaka 1986, mpenzi yeyote wa kabumbu mwenye umri wa kutosha atakujibu bila kusita kwamba ni Tukuyu Stars, naye atakuongezea ya Mseto ya Morogoro ya 1975 ambayo hukuyauliza. Lakini mwulize mtu huyo huyo ni nani waliozama katika miaka hiyo, nawe utamwona akikuna kichwa na kutazama pembeni. Washindwa hawaandikwi. Nami naona kwamba jambo hili latunyima nusu ya habari, na pengine nusu iliyo bora, maana ushindi waweza kutokea kwa bahati ya siku moja, bali kushindwa kwa msimu mzima huwa na sababu zake, na sababu hizo huonyesha jinsi watu wanavyoishi.

Basi insha hii yahusu walioshindwa. Mwishoni mwa Julai 2020 Ligi Kuu ya Tanzania Bara ilifikia tamati baada ya kukatizwa kwa muda wa karibu miezi mitatu kwa ajili ya maradhi ya korona, tangu Machi 17 hadi Juni 13. Timu 20 zilikuwa zimecheza mechi 38 kila moja. Kwa kanuni za msimu ule timu nne za mwisho zilishuka daraja moja kwa moja, na mbili zilizokuwa juu yao ziliingia katika mechi za mchujo. Katika zile nne walikuwamo Singida United, Lipuli ya Iringa na Ndanda ya Mtwara. Wa nne alikuwa Alliance, timu ya shule iliyoko Mahina katika jiji la Mwanza. Siku chache baadaye Mbao, nayo ya Mwanza, ikatolewa katika mchujo na Ihefu ya Mbarali. Jiji la pili kwa ukubwa katika nchi likawa halina timu hata moja katika Ligi Kuu.

Habari ya Mbao si ngeni: ni timu iliyopanda, ikang'ara, ikachoka. Ya Alliance ni tofauti, maana Alliance ni shule. Shule huhesabu kufaulu kwake kwa idadi ya wanaotoka wakiwa wamekamilika. Timu ya ligi huhesabu kwa idadi ya wanaobaki. Hesabu hizi mbili zaweza kupatana kwa muda, lakini sidhani kama zaweza kupatana kwa miaka mingi, na msimu wa 2019/20 ndio uliozigombanisha hadharani.

Kwanza yafaa tuutazame mji wenyewe, kwa sababu Mwanza ina desturi yake katika mambo ya mpira. Ni mji wa mawe. Mawe makubwa yamepangana juu ya vilima kana kwamba mtu aliyaweka kwa mkono, nyumba zimepanda kuyafuata mpaka juu kabisa, na chini yake ziwa limetanda hata jicho lisione ng'ambo. Viwanja tambarare ni adimu, na mtoto wa Mabatini au wa Igogo hujifunza kupiga chenga mahali penye mteremko, mpira ukimponyoka huteremka nao mpaka barabarani. Reli ilifika hapa mwaka 1928, na kilichoijaza mabehewa kilikuwa pamba ya Usukuma. Wakulima wa pamba walijiunga katika vyama vyao, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaunganishwa katika shirikisho kubwa la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mashuhuri. Kwa miaka mingi fedha ya zao hilo ndiyo iliyosomesha watoto, ikajenga maghala, na mwishowe ikacheza mpira.

Nasema ikacheza mpira kwa maana iliyo wazi kabisa. Pamba, timu ambayo mashabiki wake waiita TP Lindanda, Wana Kawekamo, ililelewa na zao hilo na kubeba jina lake. Mwaka 1990 ilitwaa ubingwa wa Muungano. Wazee wa Kirumba wakianza kuwataja wachezaji wa siku zile, Khalfan Ngassa, George Masatu, Hussein Masha na wenzao, yakupasa uwe na nafasi, kwani hawamalizi upesi. Mchezaji wa enzi ile hakuwa mchezaji tu, bali mwajiriwa: asubuhi alikuwa na kazi, jioni alikuwa na mazoezi, na mwisho wa mwezi alikuwa na mshahara uliotoka mahali pamoja kwa yote mawili. Hata hivyo waliondoka. Masatu alikwenda Simba, akawamo katika kikosi kilichofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 dhidi ya Stella ya Abidjan. Kisha biashara ya pamba ikafunguliwa katikati ya miaka ya 1990, wanunuzi binafsi wakaingia vijijini, na taasisi zilizokuwa zikiilisha timu zikapungukiwa. Mwaka 2001 Pamba ikashuka. Ilikaa nje ya Ligi Kuu miaka 23.

Baada yake zikaja nyingine. Toto Africans, Wana Kishamapanda, iliyoanzishwa 1972 na kujulikana kama mtoto wa Yanga, ilipanda na kushuka mara kadhaa mpaka iliposhuka tena mwaka 2017. Mbao, yenye jina la bidhaa ya watu walioianzisha, ilipanda mwaka 2016, na katika msimu wake wa kwanza ikaitoa Yanga katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho pale CCM Kirumba, ikaenda Dodoma kucheza fainali na Simba, ikafungwa 2 kwa 1 katika muda wa nyongeza. Pamba, mbao: Mwanza imezoea kuzipa timu zake majina ya vitu vinavyouzwa kwa uzito na kwa futi.

Alliance haikutoka ghalani wala kwenye mashine ya kupasulia magogo. Ilitoka darasani. Shule ya Mahina ni shule ya binafsi, na pamoja na masomo ya kawaida ina kituo cha kukuza vipaji vya mpira, ambako kijana husoma na kulala na kucheza chini ya uangalizi mmoja. Kwa nchi yetu hili lilikuwa jambo la maana kubwa. Mzazi wa Kitanzania, na hasa mzazi wa Kanda ya Ziwa aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome, hakuwa na imani na mpira. Mpira ulikuwa njia ya kukimbia shule. Mahina ilikuja na jibu lililomtuliza: mtoto atacheza, na daftari atalishika. Kama asipokuwa mchezaji, atakuwa na cheti.

Mwaka 2018 timu ya shule hii ilipanda Ligi Kuu pamoja na Biashara United ya Musoma, JKT Tanzania, KMC, Coastal Union na African Lyon. Haukuwa mwaka mwema wa kupanda. Vodacom, iliyokuwa mdhamini mkuu wa ligi kwa miaka mingi, ilikuwa imeondoka, na msimu wa 2018/19 ulichezwa bila mdhamini mkuu wa kuchukua nafasi yake. Timu kubwa za Dar es Salaam zina wanachama, zina matajiri, zina mapato ya mlangoni. Timu ya shule ina ada. Na ada, kila mwalimu mkuu ajua, ina shughuli zake nyingi kabla haijafika uwanjani. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, na timu nyingi za ligi ziko upande ule wa nchi au kusini yake. Hesabu ya mafuta ya basi, ya vyumba vya kulala na ya sahani za wali kwa watu ishirini na kitu, mara kumi na tisa kwa msimu, si hesabu ya kumpa mtoto wa darasa la nne.

Ijapokuwa hivyo, msimu ule wa kwanza Alliance haikushuka. Si kweli kwamba kikosi chote kilikuwa cha wanafunzi. Walikuwamo pia watu wazima walioletwa kutoka kwingine. Lakini sura ya timu ilikuwa ya ujana, na ujana ule ulipendeza. Machi 2019, katika robo fainali ya Kombe la Shirikisho pale Kirumba, waliikamata Yanga hata mchezo ukaamuliwa kwa penalti. Yanga ikapita. Wapo watu Mwanza ambao mpaka leo huikumbuka jioni ile kuliko ushindi wowote wa timu hiyo, nami siwalaumu: mtoto wa shule alikuwa amesimama mbele ya mkubwa wake na hakuangusha macho.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na yaliharibika kwa sababu yalikuwa yamekwenda vizuri. Katikati ya mwaka 2019 Balama Mapinduzi alichukuliwa na Yanga. Dickson Ambundo alivuka mpaka, akaenda Gor Mahia ya Nairobi. Kwa jicho la shule, hizi zilikuwa habari za kupigiwa kengele: wahitimu wawili wamepata kazi, mmoja katika klabu kongwe ya taifa, mwingine ng'ambo. Kwa jicho la kocha aliyekuwa akiandaa msimu wa pili, yalikuwa matundu mawili katika mtumbwi uliokuwa umekwisha kushushwa majini. Msimu wa 2019/20 timu ilikwenda nayo. Wavuvi wa ziwa letu hujua kwamba mtumbwi unaovuja waweza kufika, mradi mtu mmoja akae chini akikumba maji bila kupumzika. Alliance ilikumba maji kwa mechi 38. Mwisho wake haukufika pwani.

Sasa nataka tuzitazame timu zilizobaki msimu ule, kwa kuwa kisa cha aliyeanguka husomeka vizuri zaidi ukimweka kando ya asiyeanguka. Katika ligi ile ya timu 20, nne zilikuwa za majeshi na vyombo vya ulinzi: JKT Tanzania, Ruvu Shooting, Polisi Tanzania ya Moshi na Tanzania Prisons ya Mbeya. Zote nne zilibaki. Wala hazikuwa na nyota wa kutisha. Hapana shaka wapinzani wao walikuwa na wachezaji wenye vipaji zaidi, na tajiri mmoja wa Dar es Salaam angeweza kununua kikosi kizima kwa bei ya mshambuliaji wake mmoja. Lakini timu ya jeshi ina kitu ambacho hakionekani katika msimamo wa ligi. Mchezaji wake hupewa namba, kombati, ajira, na mwisho wa safari kiinua mgongo. Anapovunjika mguu hafukuzwi nyumba. Klabu kubwa ikimjia na fedha, humlazimu apime fedha hiyo ya miaka miwili dhidi ya maisha yote, na wengi hupima wakabaki. Jeshi na shule yafanana kwa mengi: kengele na baragumu, foleni ya chakula, kulala kwa saa. Tofauti ni moja tu. Shule humtayarisha kijana aondoke, na jeshi humtayarisha akae.

Wala sisemi kwamba timu za majeshi haziangamii. JKT Tanzania ilishuka mwaka uliofuata, 2021. Lakini mwaka 2023 ilikuwa imerudi. Kambi haikuvunjwa wala mishahara haikukatwa, na vijana waliendelea kuamka alfajiri kama kwamba hakuna lililotokea. Alliance kwa upande wake ilikuwa bado haijarudi ulipomalizika msimu wa 2024/25.

Kuna mfano wa mbali unaonisaidia kulielewa jambo hili, nao watoka katika mchezo ambao hapa kwetu hatuujui, ule mpira wa Wamarekani unaochezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu. Chuo cha kijeshi cha West Point, ambacho katika miaka ya 1944 na 1945 kilikuwa bingwa wa vyuo vya nchi nzima, mwaka 2003 kilicheza mechi 13 na kushindwa zote 13. Sababu moja kubwa haikuwa siri: kijana anayeingia pale huwa na deni la miaka mitano ya utumishi jeshini baada ya kuhitimu, na mchezaji hodari mwenye ndoto ya kulipwa mamilioni huenda chuo kingine kisichomdai kitu. Kwa hiyo chuo kile kilishindwa kwa sababu kilishika kazi yake. Lakini angalia lililofuata. Mwaka 2004 kilirudi uwanjani kucheza na vyuo vile vile. Kwao hakuna kushuka daraja. Kuna aibu, kisha kuna mwaka mwingine. Sisi tumerithi utaratibu wa Waingereza, ambamo aliyeshindwa hutolewa nje ya nyumba. Kwa klabu ya biashara huenda ni haki. Kwa shule ni adhabu ya ajabu, kwa maana mtoto aliye kidato cha pili, ambaye hakucheza hata dakika moja, hukuta ngazi aliyokuwa akiitazama kila jioni imeondolewa ukutani.

Huyo ndiye aliyeumia zaidi, kwa maoni yangu. Wachezaji wakubwa walitawanyika wakapata timu. Mashabiki wa Mwanza, ambao kwa kweli wengi wao ni wa Simba na Yanga kwanza na wa mji wao baadaye, walinung'unika wiki mbili. Mama lishe na wauza karanga wa Nyamagana na Kirumba walipoteza siku za soko. Lakini mtoto wa Mahina alikuwa ameambiwa na mzazi wake, pengine kwa ahadi ya ng'ombe, kwamba safari ni fupi: bwenini hapa, uwanjani pale, na Ligi Kuu ng'ambo ya barabara. Baada ya Julai 2020 ng'ambo ya barabara hapakuwa na kitu. Ilimbidi aondoke mjini ili aonekane.

Wala si Mwanza peke yake. Ukiweka miaka sita katika mstari, kilio chasikika kando ya ziwa zima na nchi iliyo nyuma yake. Toto, 2017. Stand United ya Shinyanga, 2019. Alliance na Mbao, 2020. Gwambina ya Misungwi, iliyokaa msimu mmoja tu, na Mwadui ya machimbo ya almasi, 2021. Biashara United ya Musoma, 2022. Kila moja ilikuwa na chanzo chake cha fedha, na kila chanzo kilikuwa kimoja. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wale wasemao kwamba watu wa Ziwa hawana moyo wa mpira. Moyo wanao, kama wangekuwa hawana, vilabu vya Dar es Salaam visingepanda basi kuja kuutafuta huku. Kisichokuwapo ni mahali ambapo kijana akishakua anaweza kubaki bila kujidhulumu.

Pamba ilirudi Ligi Kuu mwaka 2024, sasa ikiitwa Pamba Jiji, chini ya halmashauri. Jina la zao limebaki mbele na jina la mlezi mpya limewekwa nyuma yake. Safari hii mlezi hauzi kitu kwa kilo, hukusanya kodi. Tutaona.

Na ile shule? Watu walioifuata kwa jina la timu yake ya wavulana walidhani imekwisha. Walisahau, kama ilivyo kawaida yetu, kuwauliza wasichana. Shule ile ile ilikuwa na timu ya wasichana, Alliance Girls, ikicheza Ligi Kuu ya Wanawake, nayo haikuwa na kelele wala magazeti. Msichana mmoja aliyepita katika timu hiyo, Aisha Masaka, alihamia Yanga Princess. Mwaka 2022 akaenda Uswidi kuchezea BK Häcken, na mwaka 2024 akasajiliwa na Brighton ya Uingereza. Israel Patrick Mwenda, aliyepita upande wa wavulana, alikwenda KMC, na mwaka 2021 akavaa jezi ya Simba. Katika msimamo wa ligi wa Julai 2020 hakuna safu ya kuandikia mambo ya namna hii. Kuna safu ya mechi, ya mabao, na ya pointi, na katika safu hizo Alliance ya Mahina iko chini, chini ya mstari.